Usiiruke Salamu ya Watu Wanne

Mwakeye, wadogo zangu. Mmeamkaje? Na nyumbani wameamkaje? Wazee wanaendeleaje na kifua? Kuku nao, wanataga?

Mnaona nimeanzia mbali. Najua wengine mmezoea kuandikiana "mambo" kwenye simu na kuingia kwenye shida moja kwa moja. Mimi nataka kuwaeleza habari ya salamu, na Muha hawezi kuanza habari ya salamu bila kusalimia.

Nimestaafu juzi. Msicheke. Nina miaka thelathini na miwili, na mama yangu anasema bado sijaanza hata maisha. Lakini katiba ya chama chetu inasema katibu mwenezi wa tawi akimaliza vipindi viwili anampisha mwingine, na vyangu vimekwisha. Nimekabidhi kipaza sauti, daftari la wanachama, na bendera mbili, moja mpya na moja iliyopauka. Aliyepokea ni Anjelina, mdogo wenu au dada yenu kutegemea mlizaliwa lini. Akaniuliza, "Dada Skola, hivi hii kazi yenyewe hasa ni nini?" Nikamjibu, "Ni kupiga kelele tu, mdogo wangu." Alipoondoka nikajisikia vibaya, maana nilikuwa nimemdanganya. Ndiyo sababu nimekaa kuandika, kwake na kwenu mtakaoshika kipaza sauti baada yake. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni mpite.

Chama chetu nitakiita Mzinga. Chama kikubwa tulichoungana nacho nitakiita Daraja. Si majina yao. Mimi nimestaafu, lakini kamati ya maadili haijastaafu. Kijiji nacho sikitaji. Kipo upande wa Nyakitonto, na ukitoka Kasulu mjini kwa bodaboda unafika kabla mgongo haujaanza kulalamika sana.

Nianze na mbuzi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa mabango ya mgombea wetu niyabandike. Gundi hakuna. Nikafanya kama nilivyomwona shangazi akibandika kalenda: nikapika uji wa muhogo mzito, nikapaka, nikabandika kuanzia kwenye mashine ya kusaga mpaka zahanati. Mabango yakang'aa. Nikarudi nyumbani nikijiona mtu mkubwa sana. Asubuhi mbuzi wa Mzee Kagoma, mrina asali mashuhuri pale kwetu, walikuwa wamefuata harufu ya muhogo bango kwa bango. Mgombea wetu alibaki masikio tu.

Mzee Kagoma alikuwa mwanachama wetu wa siku nyingi. Nilimfuata nikilia. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu," akasema, "hawa mbuzi si wapinzani. Umewapikia, wamekula." Toka siku hiyo nilibandika kwa misumari ya mabati, na nikajifunza kwamba kosa la mwenezi halifichiki. Wenzenu wakikosea ofisini wanafunga faili. Ninyi mkikosea, kijiji kizima kinapita hapo kwenda kisimani.

Aliyenifundisha kazi ni mwenyekiti wa tawi letu, Mama Bukuru, fundi cherehani mwenye kibanda pale sokoni. Mama yake mzazi alivuka mpaka wa Manyovu kwa miguu akikimbia vita ya Burundi, akiwa na mimba yake. Mama Bukuru akazaliwa huku, akasoma huku, akaolewa huku, na uraia akaupata akiwa tayari na wajukuu. Hata hivyo kila uchaguzi lazima atokee mtu wa kumwita Mrundi. Yeye hushona tu. Siku moja nilikasirika kwa niaba yake, nikataka kwenda kujibizana. Akanishika kwa mkono wenye vidole vilivyotobolewa na sindano.

"Kaa, Skola. Maisha yangu yote wananiambia nifanane nao ndiyo nitakaa vizuri. Mimi nimekaa vizuri bila kufanana. Nawasalimia, nawashonea, wakifiwa nalala kwao matangani. Lakini mtama wangu naupika kama mama yangu alivyoupika."

Wakati ule nilidhani anazungumzia mtama.

Bendera zetu zote alishona yeye. Kitambaa alinunua kwa mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akija mnadani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mcheshi kweli. Siku tulipoungana na Daraja na bendera zao kubwa zikafika, yule mama alizitazama zote mbili akatikisa kichwa. "Mama Bukuru, drapo ya wale iko munene, ya kwenu iko kidogo. Batawameza, ee?" Mama Bukuru akajibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Sindano nayo ni ndogo. Imeze uone."

Sasa tulivyoungana. Uchaguzi wa serikali ya kijiji, Daraja walikuwa na nguvu lakini si za kutosha, na sisi tulikuwa na nguvu za kutosha kumharibia kila mtu. Tukakaa, tukaandika makubaliano ya ukurasa mmoja. Mwenyekiti wa kijiji atoke Daraja, ndiye Bwana Ezra, mwalimu wa kwaya, mtu mwema ila mwepesi wa hofu. Mzinga tupate kamati ya mazingira, kwa sababu watu wetu wengi ni warina asali na ahadi yetu kubwa ilikuwa msitu wa kijiji usiguswe. Tukashinda. Halmashauri ya kijiji ina viti ishirini na tano: Daraja kumi, sisi wanne, na kumi na mmoja waliobaki ni wa wale waliokuwa wakitawala zamani. Hesabu rahisi. Bila sisi wanne, Ezra hana kitu. Bila Ezra, sisi wanne hatuna hata pa kuning'iniza bendera.

Wadogo zangu, ukiwa mdogo ndani ya muungano unapata ugonjwa mmoja mtamu sana. Unapendwa. Wakubwa wanakuita "wenzetu". Wanakupa kiti cha plastiki mstari wa mbele. Wanakuazima kipaza sauti kisicho na waya. Mimi niliugua ugonjwa huo vibaya mno.

Kila chama kina salamu yake, hilo mnalijua. Mwenezi wa Daraja anaita, "Daraja!" na watu wanaitikia, "Tuvuke pamoja!" Yetu naita, "Mzinga!" na watu wanaitikia, "Kila nyuki na kazi yake!" Yetu ina nyongeza. Baada ya kuitikia, watu wanapiga makofi taratibu, wameinama kidogo, kama mtu anavyomwamkia mkubwa wake. Makofi hayo yaliingia yenyewe, hakuna aliyeyaandika. Bibi zetu walikuja mkutanoni wakasalimia chama kama wanavyosalimia watu, basi.

Mkutano wa shukrani baada ya ushindi ulifanyika pale stendi, jua limesimama. Mratibu wa Daraja kutoka wilayani, kijana wa miwani myeusi, alikuja kuninong'oneza kabla sijapanda.

"Dada, salamu moja inatosha leo. Watu wamechoka."

"Na yetu je?"

"Ya kwenu si imo humohumo? Au sisi siyo kitu kimoja?"

Angenitukana ningebisha. Aliniuliza kwa upole, akiniangalia kama ndugu, na mimi mkononi nina kile kipaza sauti kisicho na waya. Nikapanda. Nikaita, "Daraja!" Umati ukaitikia ukatetemesha mabati. Nikapenda. Nikaita tena. Nikaita mara tatu. Kisha nikaendelea na hotuba. Kushoto kwangu walikaa watu wa Mzinga, bibi zangu na wajomba, mikono yao ikiwa tayari magotini kwa ajili ya makofi. Niliiona ile mikono. Naapa niliiona. Nikasema moyoni, wataelewa.

Hakuna kitu Muha haelewi kama kupitwa bila salamu. Unaweza kumnyima chakula akasema labda huna. Ukimpita njiani bila kumsalimia, umemwambia hayupo duniani.

Siku ya tatu Mzee Kagoma alikuja kwetu. Huku kwetu hata anayekuja kukugombeza anakusalimia mpaka mwisho. Aliuliza habari za mama, za ng'ombe wa jirani, za shangazi aliyekwenda Kibondo kutibiwa jino, akauliza maharage yameshika maua au bado. Nikaleta kigoda. Akakaa, akavua kofia. Ndani ya kofia kulikuwa na kadi yake ya chama, imefungwa kwenye nailoni.

"Nimekuja kurudisha hii."

"Babu, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Anayeweza kukosea ni mtu aliyepo. Mimi nilikwenda stendi kusalimiwa na chama changu, nikakuta hakipo. Nikasema labda kimekufa na mimi sijaletewa taarifa ya msiba."

"Kipo, babu. Ni muda tu ulikuwa mfupi."

"Muda!" Akavaa kofia. "Salamu yetu ni pumzi mbili, Skola. Ulikuwa na pumzi tatu za wenzako."

Akanipa kadi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na hiyo heshima ndiyo iliyoniumiza. Wiki ile kadi saba zilirudi. Kwenye daftari nilipaswa kukata majina kwa kalamu nyekundu. Nilikata sita. La Mzee Kagoma nilishindwa. Nikaweka kadi yake katikati ya kurasa, na nikamficha Mama Bukuru jambo hilo, nikidhani nimemficha.

Nataka kusema kidogo kuhusu simu, maana ninyi ndiko mnakoishi. Tulipoungana, Daraja wakafungua kundi la WhatsApp la ushirikiano, na mimi kwa uvivu wangu nikalifunga letu, nikawahamishia watu wote kule. Kosa! Mule ndani ilikuwa picha za maua, "uwe na siku njema", na matangazo ya Daraja. Mtu wa Mzinga akiuliza jambo la mizinga yake, ujumbe unafukiwa na maua mia. Msifunge nyumba yenu kwa sababu mmealikwa karamuni. Nendeni karamuni, mle, mcheze, halafu muwe na pa kurudi. Nililifungua upya kundi letu, watu wachache, na siku ya kwanza bibi mmoja alituma sauti, dakika nzima ya makofi tu. Nililia njiani kama mjinga.

Basi ndipo shauri la msitu likaja, na kwa kweli kama lisingekuja, leo hii nisingekuwa na cha kuwaeleza.

Daraja nao walikuwa na ahadi yao. Waliwaahidi vijana mashamba. Na vijana hawana mashamba, huo ndio ukweli. Kaka yangu Fidelisi ana mke na mtoto, na analima kipande cha baba ambacho ukikaa vibaya mguu unaingia kwa jirani. Kwa hiyo Bwana Ezra alipoleta kwenye halmashauri pendekezo la kukata nusu ya msitu wa kijiji na kuwagawia vijana, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeahidi. Na sisi tulikuwa watu walioahidi. Ahadi mbili zilikuwa zimelala kitanda kimoja muda wote, sasa zikaanza kuvutana blanketi.

Fidelisi aliniambia mezani, mbele ya mama, "Dada, wewe unapigania nyuki au unanipigania mimi?"

Ugali ulipoa.

Kabla ya kila kikao kikubwa Mama Bukuru alikuwa na kikao chake kidogo, nyuma ya kibanda, wajumbe wetu wanne, yeye akiwa mmoja wao, na mimi mwenezi nikiandika. Alikiita kikao cha kupima, kama anavyopima mtu kabla ya kukata kitambaa. Siku ile mjumbe wetu mmoja alisema tukubali tu, tusivunje muungano. Mwingine akasema wale kumi na mmoja wamemfuata kisirisiri: tuungane nao tupige kura ya kutokuwa na imani, Ezra aondoke, na msitu utapona.

Mama Bukuru alikuwa anang'oa uzi kwenye pindo la sare ya shule. Akaendelea kung'oa.

"Tukikubali, Mzinga umekufa na tutakuwa tumeuzika wenyewe. Tukimwangusha Ezra, tumekuwa watu wa kula kwa mtu halafu tunamchomea nyumba. Nani ataungana nasi tena? Mimi nalikataa shauri. Ezra simkatai. Haya ni mambo mawili, tusiyashone pamoja."

"Sasa tutasemaje, Mama?"

"Tutasema hivyohivyo. Lakini sikilizeni. Kwa Waha huendi kwa mtu mikono mitupu. Hata ukienda kumwambia hapana, beba kitu. Skola, hao vijana watalima wapi?"

Nikasema sijui.

"Basi hapana yetu bado haijaiva. Nenda ukaitafute."

Na mimi, kwa akili zangu za kidato cha pili, nilimwendea mtu aliyenikasirikia kuliko wote, kaka yangu. Nikamwambia, "Fide, nisaidie kutafuta shamba ambalo si msitu." Akaguna, ila alikuja. Tulizunguka siku nne, yeye akiwa na kamba ya katani yenye mafundo ya kupimia. Siku ya nne tukafika kwenye shamba la zamani la ujamaa, lile la bondeni ambalo kila mtu analipita na hakuna anayeliona. Magugu kiunoni. Udongo mweusi. Mali ya kijiji, haina mwenyewe. Fidelisi akachukua udongo akaufinya, akanusa vidole vyake, akacheka peke yake. Sijawahi kumpenda kaka yangu kama pale.

Halafu tukasikia kengele. Mbuzi. Wale wale wa mabango, au wajukuu zao. Miaka yote Mzee Kagoma alikuwa akilichungia lile shamba kama lake.

Nadhani mnaona nilipokwama. Ili msitu wa warina asali upone, mrina asali mkubwa kuliko wote ilibidi apoteze malisho. Na mrina huyo alikuwa ametoka kwenye chama kwa sababu yangu.

Kikaoni Mama Bukuru alisimama, akamwamkia mwenyekiti, akawaamkia Daraja, akawaamkia hata wale kumi na mmoja. Akasema Mzinga wataunga mkono maji, vyoo vya shule na barabara ya zahanati, lakini kwenye msitu wanasema hapana. Akaomba mtendaji aandike kwenye muhtasari majina yetu manne upande wa hapana, na chini yake aandike kwamba muungano bado upo. Akaomba shauri lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wenye kijiji waamue wenyewe. Wale kumi na mmoja wakashangilia wakidhani ni vita. Aliwageukia. "Msipige makofi, ndugu zangu. Hili si harusi yenu."

Ezra alitufuata nje, uso umemshuka. "Mama Bukuru, umenivua nguo mbele za watu."

"Baba, nimekuambia mbele ili nisikuseme nyuma. Njoo kibandani kesho, Skola atakuonyesha shamba."

Alikuja. Alitazama hesabu za kamba ya Fidelisi kwa muda mrefu. Hakusema ndiyo. Alisema, "Kijiji kikikubali, na mimi nitakubali," na kwa mtu mwepesi wa hofu hiyo ni hatua ndefu.

Nikaenda kwa Mzee Kagoma kumweleza kabla hajasikia barabarani. Nilisalimia kila kitu kilichokuwa na uhai pale uani. Alinisikiliza, akachonga kipande cha mti. Mwisho akasema, "Mlinipita bila salamu. Sasa mmenijia na kamba ya kupimia." Akaingia ndani. Nilikaa pale kidogo na mbuzi wake, kisha nikaondoka.

Siku ya mkutano mkuu watu walijaa uwanja wa shule mpaka wengine wakakaa madirishani. Yule mratibu wa miwani myeusi alikuwepo. Kwetu hata mkutano wa kijiji hufunguliwa kwa salamu za vyama, na zamu yangu ya kufungua ilipofika alinisogelea. "Dada, kama kawaida, moja tu. Leo hali ni tete, tuonyeshe umoja."

Nikamwambia, "Kaka, umoja utauona. Hesabu pumzi zako."

Nikaita, "Daraja!" kwa moyo wote, sikuipunguza hata kidogo. "Tuvuke pamoja!" Nikaita tena mpaka wakatosheka. Kisha nikashusha kipaza sauti, nikainama kidogo kama nilivyofundishwa nyumbani.

"Mzinga!"

Kimya.

Wadogo zangu, hicho kimya bado ninacho hapa kifuani. Watu walitazamana. Wengine walikuwa wamerudisha kadi, wengine walikuwa wamesahau kama bado tunaruhusiwa. Mama Bukuru alikuwa mstari wa mbele na hakuitikia, aliniangalia tu, kwa sababu mwenyekiti akijiitikia mwenyewe hiyo si salamu. Nikaona mratibu anatabasamu. Nikaona Fidelisi ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, nikiita mara ya pili na pakawa kimya vilevile, basi tumekwisha kweli, na itakuwa mimi niliyetangaza msiba.

"Mzinga!"

Nyuma kabisa, karibu na choo cha wavulana, sauti ya kukwaruza kama gogo linalovutwa ikasema peke yake, "Kila nyuki na kazi yake."

Yakafuata makofi. Taratibu. Ya mikono miwili, halafu minne, halafu uwanja. Kulikuwa na watu wa Daraja wanapiga, maana nao wana bibi zao. Hata mmoja wa wale kumi na mmoja nilimwona mikono imemponyoka.

Mzee Kagoma alisimama kabla hajapewa ruhusa. "Sijaja kuongea sana. Nimesikia habari za bondeni. Mbuzi wangu wataondoka pale. Nimekula mali ya kijiji siku nyingi na kijiji kikaninyamazia kwa adabu. Vijana wakalime. Lakini msitu muuache, nyuki hawajui kusoma tangazo la kuhama." Akakaa. Akasimama tena. "Na mwenezi asipike tena uji wa muhogo."

Uwanja ulicheka kwa muda mrefu, na kicheko kile kilifanya kazi kuliko hotuba yangu iliyoandaliwa kurasa tatu. Mikono ilipoinuliwa, msitu ukabaki na bonde likaenda kwa vijana. Ezra mwenyewe aliinua mkono upande wetu, wa kwanza kati ya Daraja. Muungano haukuvunjika. Ulikaa vizuri zaidi, kama kigoda kilichopigiliwa upya mguu uliokuwa ukicheza.

Msidhani tuliishi kwa raha baada ya hapo. Asubuhi yake kundi la WhatsApp la ushirikiano lilisema, "Daraja yawapatia vijana mashamba!" na maua chini yake. Nilitaka kurusha simu kisimani. Mama Bukuru akasema nijibu, kwa heshima, na nisinyamaze. Nikaandika: "Tunampongeza mwenyekiti wetu Ezra kwa ujasiri. Shauri la bonde lilitoka Mzinga, nasi tunajivunia kulileta mezani kwa wenzetu." Basi. Hamna tusi, hamna kulia. Ukimnyamazia mkubwa siku ya kwanza kwa upole, siku ya pili anasahau kweli, wala si kwa ubaya.

Leo bondeni kuna maharage na mahindi. Fidelisi amejenga kibanda cha kulindia, na mwanawe amejifunza kutembea kwenye matuta. Msituni mizinga bado inaning'inia, na asali ya Mzee Kagoma inakwenda mpaka Kibondo.

Alikuja mwenyewe, wiki moja baada ya mkutano. Aliuliza habari za mama, za ng'ombe wa jirani, za jino la shangazi. Akakaa.

"Nimekuja kuchukua kadi yangu. Nilikuachia unitunzie."

Nikafungua daftari. Kadi ilikuwa palepale katikati ya kurasa, na jina lake halina alama. Pembeni ya jina, kwa penseli, kulikuwa na maandishi ambayo si yangu, mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya nguo: *Atarudi.*

Anjelina, sasa nakujibu vizuri. Jumamosi unapanda jukwaani mara yako ya kwanza, mkutano wa pamoja, stendi palepale. Jua litakuwa kali. Atakuja mtu, labda mwenye miwani, labda mpole kabisa, labda mtu unayempenda, akuambie muda umekwisha na moja inatosha. Waite wenzetu kwanza, kwa moyo wote, usiwapunje. Kisha shusha kipaza sauti na uiname kidogo.

Sisi tutakuwa nyuma kabisa, mimi na Mzee Kagoma. Mikono itakuwa magotini.